Sungura wa manyoya marefu: Nyasi kavu ndiyo kinga ya tumbo kuziba

MFANYABIASHARA akinunua sungura wawili wa Angora na kuwavusha mpaka, vibali vyote mkononi, huona kazi ngumu imekwisha. Siku chache baadaye mteja anapiga simu: sungura mmoja ameacha kula, amejikunyata kwenye kona ya kizimba na hatoi kinyesi. Asipohudumiwa mapema, hufa. Hasara hapo si ya sungura mmoja tu, bali ni ya wateja wote watakaosikia habari hiyo.

Wengi husema sungura huyo ameuawa na manyoya. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kila sungura humeza manyoya kwa sababu hujilamba kutwa, na hata mwenye afya njema huwa na manyoya kiasi tumboni. Tumbo likifanya kazi vizuri, manyoya hayo hutoka pamoja na kinyesi. Balaa huanza mwendo wa tumbo unapopungua. Maji hunyonywa, kisha chakula na manyoya hukauka na kushikana kuwa bonge. Paka hulitapika bonge kama hilo, lakini sungura hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia hakina budi kupita mbele.

Sungura wa Angora, aliyepewa jina la mji wa Ankara huko Uturuki, yumo hatarini zaidi kwa kuwa manyoya yake ni marefu na hupukutika karibu kila baada ya miezi 3. Lionhead na Jersey Wooly nao wamo katika kundi hilo.

Nyasi kwanza

Kinachosukuma tumbo la sungura ni nyuzinyuzi ndefu za nyasi. Marobota ya nyasi kavu wanayouziwa wafugaji wa ng'ombe, kama Boma Rhodes, yanamfaa sana. Awe nayo mbele yake usiku na mchana, na kwa siku moja apewe rundo lisilopungua ukubwa wa mwili wake. Nyasi ziwe na rangi ya kijani kiasi na harufu nzuri. Zenye ukungu au vumbi zisinunuliwe hata kama bei ni ya kutupa.

Lusini ni tamu na ina protini na kalisi nyingi. Inawafaa watoto na majike wanaonyonyesha, lakini kwa sungura mkubwa iwe kidogo tu.

Chakula cha vidonge ndicho huwaponza wengi, maana sungura hujishibisha nacho akasahau nyasi. Kwa sungura mkubwa anayefugwa nyumbani, robo kikombe kwa siku inatosha kwa kila kilo 2 hadi 2.5 za uzito wake. Mnunuzi asome karatasi ya mfuko: nyuzinyuzi zisipungue asilimia 18. Wanaofuga kwa ajili ya sufu huhitaji protini ya asilimia 16 hadi 18, na baadhi yao hutenga siku moja kwa wiki ya nyasi na maji tu, bila vidonge. Hiyo si siku ya kufunga. Sungura hapaswi kushindishwa njaa kamwe. Mahindi, mkate na biskuti zikae mbali naye.

Maji nayo ni dawa. Sungura hunywa zaidi kwenye bakuli kuliko kwenye chupa ya kunyonya. Majani mabichi yaliyooshwa, kama giligilani, mchunga na majani ya karoti, humwongezea maji tumboni.

Wapo wanaouza papai na nanasi kama tiba. Matunda hayo hayayeyushi manyoya. Kipande kidogo hakina ubaya, lakini sukari yake ikizidi huvuruga tumbo.

Chakula kiende pamoja na kuchana manyoya, kila siku wakati yanapopukutika, na kuyakata kila baada ya miezi 3 kwa Angora.

Safari na mpakani

Hofu, joto na kiu hupunguza mwendo wa tumbo, na safari ina vyote vitatu. Kwa hiyo kibali cha idara ya mifugo ya nchi anakokwenda na cheti cha afya vitafutwe kabla ya kuondoka, sungura asije akasubiri juani. Asafirishwe alfajiri au usiku, nyasi na majani mabichi yakiwa ndani ya kizimba. Joto likipita nyuzi 30, sungura wa manyoya marefu huteseka haraka.

Mfanyabiashara makini humuuza sungura pamoja na mfuko mdogo wa chakula alichozoea, ili mteja akichanganye na kipya kwa siku 7 hadi 10. Tena hapo amepata mteja wa kudumu wa nyasi.

Dalili za kuangalia

Kinyesi kikiwa kidogo kuliko kawaida, au kikiunganishwa na manyoya kama shanga kwenye uzi, nyasi na maji viongezwe na manyoya yachanwe siku hiyo hiyo. Akipitisha nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Asilishwe kwa nguvu kabla ya kupimwa, maana tumbo lililoziba kabisa linaweza kupasuka.

Robota moja la nyasi ni nafuu kuliko sungura mmoja aliyekufa.