Amana ya Nyumba Baada ya Mpangaji Kuhama

Katika miji ya Kenya, mpangaji anayeingia nyumba mpya hutakiwa kutoa, pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, fedha nyingine ambazo kwa kawaida hulingana na kodi ya mwezi mmoja au miwili, nazo huitwa dipoziti katika mazungumzo na amana katika maandishi. Jina hili la pili linastahili kuzingatiwa, kwa kuwa amana ni mali ambayo mtu humkabidhi mwenzake aitunze, na ambayo haiachi kuwa yake kwa sababu tu imo mikononi mwa mtunzaji. Kwa mantiki hiyo, anayezuia fedha hizo ndiye anayepaswa kueleza sababu, wala si aliyeziweka kubembeleza arudishiwe.

Sababu zinazokubalika ni chache: kodi iliyobaki, bili ya maji au stima isiyolipwa, kuhama bila notisi inayotajwa katika mkataba, na uharibifu. Hili la mwisho ndilo huzua ugomvi mwingi, kwa kuwa uharibifu huchanganywa na uchakavu wa kawaida, yaani kuchoka kwa nyumba kunakotokana na kukaliwa tu. Kioo kilichovunjwa na mlango uliong'olewa kitasa ni uharibifu. Rangi iliyofifia kwa miaka na sakafu iliyosagika mlangoni ni uchakavu, ambao mpangaji amekwisha kuulipia kupitia kodi yake. Hata hivyo mikataba mingi humtaka mpangaji apake rangi upya anapohama, na aliyetia sahihi kifungu kama hicho ni vigumu kukikana baadaye, ingawa ana haki ya kuomba risiti za rangi na za fundi, asije akakatwa gharama ya kupaka ghorofa zima kwa ajili ya vyumba viwili.

Ndiyo maana ugomvi wa siku ya kuhama huamuliwa, kwa sehemu kubwa, siku ya kuhamia, pale picha za kila chumba zinapopigwa, orodha ya kasoro inapotiwa sahihi na pande zote mbili, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo unapohifadhiwa. Asiye na kumbukumbu hizo hubakia kuapa tu. Wapo wanaokwepa usumbufu huu kwa kukalia dipoziti, yaani kutolipa kodi ya mwezi wa mwisho, lakini bila ridhaa ya mwenye nyumba hilo ni deni la kodi, na sheria ya Kenya inaruhusu mali ya mwenye deni la aina hiyo kukamatwa kupitia dalali aliyesajiliwa.

Tofauti na Uingereza, ambako tangu Aprili 2007 amana za aina hii hulindwa na mipango maalumu iliyoidhinishwa na serikali, Kenya humwachia mwenye nyumba azishike mwenyewe. Mpangaji aliyenyimwa huanza kwa barua ya madai inayotaja kiasi na siku ya mwisho ya kulipa. Barua isipojibiwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya fedha ambazo mtu anamshikia mwenzake, hukubali Kiswahili, haimlazimishi mdai kuweka wakili, na hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Haki ya kudai kwa msingi wa mkataba hufikia kikomo baada ya miaka 6.