Shimo la Mwaga

Wajukuu, siku moja mkiwa stendi ya Kisii asubuhi, makanga wakinyang'anyana abiria wa Nyamira, inueni macho juu ya mapaa ya mabati. Ule ukuta wa mwamba unaokatiza mbingu ndio Manga. Huko juu kuna mahali patakatifu pasipo na paa wala mlango. Ni shimo tu. Kwa Ekegusii tunaliita Engoro ya Mwaga, yaani shimo la Mwaga.

Wazee husimulia kwamba zamani mvua ikigoma, au ugonjwa ukikataa dawa, watu walipanda Manga na sadaka. Wengine hadi leo hudondosha sarafu humo, kisha wanatega sikio.

Msicheke! Huko Tokyo, jiji la Japani ambalo treni zake hujaa watu kama maharagwe guniani, kuna hekalu la Meiji, lililofunguliwa mwaka 1920. Unapita chini ya lango refu la mbao, unanawa mikono na kusukutua kinywa. Mbele ya hekalu unatupa sarafu, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unaomba kimoyomoyo, unainama tena. Msitu unaolizunguka haukujiotea: watu walileta miti kama 100,000 kutoka pande zote za nchi, ikapandwa. Sisi Manga tumepewa bure, hata jembe hatukushika.

Ukisimama ukingoni, Kisii yote iko miguuni pako: mabati, minara ya simu, moshi wa magari. Wazee huuita mji huo Getembe. Inasemekana kwamba kabla Waingereza hawajafika, mtabiri Sakagwa alipita hapo chini akionyesha mahali ambapo wageni wangejenga, na watu wakamwona kama anaota mchana. Wageni wakaja, wakajenga. Mwaka 1908 Mgusii mmoja, Otenyo, akamchoma mkuki mkuu wao wa wilaya, Northcote, ambaye alipona. Lakini hiyo ni hadithi ya jioni nyingine.

Mkienda Manga, msijiendee tu kama mbuzi waliokata kamba. Wasalimuni wazee mtakaowakuta, mwombeni mmoja awaongoze, maana mawe huteleza mvua ikinyesha na chini ni mbali. Mkifika shimoni, punguzeni sauti. Na chupa zenu za soda mrudi nazo nyumbani. Lile ni shimo la sadaka, si jaa la takataka.