Étiquette Mbili: Bei na Adabu katika Uwanja wa Gofu wa Pebble Beach

Mwanafunzi wa Kifaransa hukutana na neno « étiquette » katika sehemu mbili. Dukani, ni kile kikaratasi kinachobandikwa juu ya bidhaa ili kuonyesha jina lake na bei yake. Katika historia ya wafalme, ni utaratibu wa heshima: nani akae wapi, nani aseme kwanza, nani angoje. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. Tuna « bei » upande mmoja, na upande wa pili tuna « adabu », neno tulilolipata kutoka Kiarabu pamoja na maana yake ya malezi mema.

Makala haya yanaanzia kwenye utata huo wa Kifaransa ili kujibu swali moja: mtu anayetaka kucheza katika uwanja wa gofu maarufu wa kitalii anadaiwa nini? Tutaona kwamba anadaiwa mara mbili. Deni la kwanza huandikwa kwenye hesabu ya hoteli. Deni la pili haliandikwi popote kwenye hesabu hiyo, lakini lisipolipwa, hata fedha za deni la kwanza hupotea bure, zake na za wengine.

Mchezo kwa maneno machache

Lubumbashi, wengi hutamka neno « Golf » kila siku kwa sababu ni jina la mtaa, bila kuwaza fimbo wala mpira. Basi tueleze kwanza. Katika gofu, mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo, kutoka mahali pa kuanzia mpaka uingie katika shimo dogo lililo mbali, lenye bendera. Uwanja kamili una mashimo 18, na kila shimo lina njia yake ya nyasi. Anayefika mwisho kwa mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi. Anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14. Sehemu ya nyasi fupi sana inayozunguka shimo huitwa grini, na njiani kuna mitego, hasa mashimo makubwa yaliyojazwa mchanga.

Jambo moja litatusaidia mbele: wachezaji wa kawaida hawafuatwi na mwamuzi. Kila mmoja huhesabu mapigo yake mwenyewe na kujiadhibu mwenyewe anapovunja kanuni. Mchezo mzima umejengwa juu ya uaminifu wa mtu asiyeonwa na yeyote.

Mahali penyewe

Pebble Beach iko Marekani, katika jimbo la California, kwenye rasi ya Monterey, kusini mwa San Francisco. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1919. Waliouchora, Jack Neville na Douglas Grant, walikuwa wachezaji wa ridhaa, si wasanifu wa viwanja kwa kazi. Aliyesimamia ardhi hiyo, Samuel F. B. Morse, ambaye ni ndugu wa mbali wa yule Morse wa telegrafu, alichagua kuutandaza uwanja kando ya bahari badala ya kuuza ukingo wote kwa wajenzi wa nyumba. Ndiyo sababu leo mashimo 9 kati ya 18 yanapakana na maji. Shimo la 7 ni fupi mno, karibu mita 100 tu, lakini upepo wa Pasifiki ukiamka, hata bingwa hushindwa kuamua achukue fimbo gani.

Sifa ya uwanja huu imeongezwa na mashindano. Shindano kubwa la wanaume liitwalo U.S. Open limechezwa pale mara sita, kuanzia 1972 hadi 2019. Mwaka 2000 Tiger Woods alishinda hapo kwa tofauti ya mapigo 15. Mwaka 2023 wanawake nao walicheza U.S. Open yao katika uwanja huohuo kwa mara ya kwanza.

Lakini viwanja vingi vyenye sifa ya namna hii nchini Marekani ni mali ya vyama vya watu binafsi: ukiwa tajiri lakini hukualikwa na mwanachama, huingii. Pebble Beach si hivyo. Ni uwanja wa watalii, na sheria yake ni kwamba anayelipa anacheza. Mlango uko wazi kwa kila mtu. Kinachobaki ni kusoma kile kikaratasi cha bei.

Hesabu ya fedha

Ada ya kucheza mara moja, mashimo 18, ilikuwa dola 550 mwaka 2019. Kufikia mwaka 2025 ilikuwa dola 675. Hiyo ni ada ya uwanja peke yake.

Shida ya kweli ni kupata saa ya kuanza. Mtu asiyelala katika hoteli za kampuni anaweza kuomba nafasi siku moja tu kabla, akitumaini kwamba imebaki. Anayetaka uhakika hulazimika kukodi chumba, kwa kawaida usiku mbili au zaidi, ndipo anaruhusiwa kuweka nafasi yake miezi mingi mbele. Vyumba hivyo huanzia karibu dola 1000 kwa usiku mmoja. Kwa hiyo bei halisi ya uhakika haionekani kwenye ada. Imejificha kwenye kitanda.

Kisha kuna kedi, yaani mtu anayebeba mfuko wa fimbo, anayejua mteremko wa kila grini na kumshauri mchezaji. Si lazima kumchukua, ila wengi humchukua kwa sababu grini za Pebble Beach ni ndogo sana na zina miinamo isiyoonekana kwa jicho la mgeni. Malipo yake huzidi dola 100, na juu yake mchezaji hutegemewa kutoa bakshishi taslimu, mkononi. Asiye na fimbo zake atazikodi.

Tukijumlisha usiku mbili, ada, kedi na bakshishi, mtu aliye peke yake katika chumba chake anakaribia dola 3000, kabla ya kula na kabla ya tiketi ya ndege. Wawili wakishiriki chumba kimoja, mzigo hupungua.

Inafaa kulinganisha na uwanja mwingine mashuhuri, Old Course wa St Andrews huko Scotland. Nao ni ghali kwa mgeni: zaidi ya pauni 300 wakati wa kiangazi. Lakini uko kwenye ardhi ya umma, nafasi nyingi hugawiwa kwa kura, na wakaaji wa mji hucheza kwa tiketi ya mwaka ya bei nafuu. Jumapili, kwa kawaida, mchezo husimama na watu huja kutembea juu ya nyasi hizohizo pamoja na mbwa wao. Kwa hiyo bei kubwa haitokani na mchezo wenyewe. Inatokana na jibu ambalo kila mahali limetoa kwa swali: pakiwa na watu wengi kuliko nafasi, nani apite kwanza? Scotland kura husaidia kuamua. California fedha huamua.

Mteja amenunua nini?

Gawanya dola 675 kwa mashimo 18: kila shimo ni dola 37 na senti 50. Mchezaji wa wastani akimaliza kwa mapigo 90, kila pigo limemgharimu dola 7 na nusu. Hapo kuna kichekesho: kadiri unavyocheza vibaya, ndivyo kila pigo linavyokuwa rahisi. Mgeni aliyesafiri kutoka mbali na kutumia akiba yake anashawishika kufikiri kwamba amenunua kila dakika na kila pigo, hata la kumi kwenye shimo moja. Anataka kupiga picha kwenye shimo la 7, kutafuta mpira wake majabalini, kujaribu tena.

Fikra hiyo ina kosa. Hakununua uwanja, amekodi nafasi katika foleni. Vikundi vya watu hadi wanne huanza kwa kufuatana, baada ya dakika chache tu. Kikundi kimoja kikichelewa dakika 10, cha nyuma hakina pa kupita: kinasimama, na kilicho nyuma yake kinasimama, mpaka ucheleweshaji ufike kwa watu walioanza saa nyingi baadaye, ambao hawatamjua kamwe aliyewachelewesha. Nao pia walilipa. Jua likitua kabla ya shimo la 18, lile la ukingoni mwa bahari ambalo wengi walilifuata kutoka mbali, hawatalicheza. Hapa ndipo deni la pili linapoanza.

Adabu za uwanjani

Adabu za gofu zinaonekana nyingi, lakini zote zinaingia katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni kutunza wakati wa wengine. Fika mapema, maana saa yako ni sehemu ya mnyororo. Kanuni zinapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu zamu yake ifike. Mpira uliopotea hutafutwa dakika 3 tu. Kabla ya 2019 zilikuwa 5. Katika mchezo wa kirafiki, aliye tayari na apige, hata kama kwa desturi zamu ni ya aliye mbali zaidi na shimo. Mkiona mmeachwa mbali na kikundi cha mbele, ongezeni mwendo. Na ukishapiga mapigo mengi mno kwenye shimo moja, okota mpira uende shimo lifuatalo. Hakuna anayekudharau kwa kuokota. Watakunung'unikia kwa kutookota.

Kundi la pili ni kutunza utulivu na usalama wa wengine. Mwenzako anapojiandaa, usiseme, usitikisike, usisimame nyuma ya mstari wake wala kivuli chako kisimwangukie. Kwenye grini, usikanyage njia ambayo mpira wake utapita. Simu inyamaze. Ukimya huo una ukomo mmoja: mpira wako ukielekea watu, piga kelele « Fore! » kwa nguvu zote, mara moja. Mwanaisimu atapenda jambo hili. Mchezo unaodai kimya kuliko michezo mingi una neno moja ambalo kutolitamka kwa sauti ni ukosefu wa adabu.

Kundi la tatu ni kutunza ardhi. Fimbo inapong'oa kipande cha nyasi na udongo, kirudishe au ujaze mchanga. Mpira unapobonyeza grini, inua kibonyeo kwa kijiti kidogo ulichobeba. Ukitoka katika shimo la mchanga, sawazisha nyayo zako kwa reki. Kigari kikitakiwa kubaki kwenye barabara yake, kibaki. Grini ndogo kama zile za Pebble Beach hukanyagwa kila siku na mamia ya viatu. Kibonyeo kilichoachwa asubuhi humpotosha mchezaji wa mchana.

Na kedi je? Adabu yake ni ile tunayoijua nyumbani: mwite kwa jina lake, msikilize, usimlaumu kwa pigo ulilolikosa wewe, na umlipe bila kungoja aombe.

Adabu inapoingia katika kanuni

Kwa kitivo cha lugha kuna jambo moja zaidi la kuangalia, nalo ni safari ya maandishi yenyewe. Kanuni za kwanza za gofu zilizoandikwa, zile za Leith karibu na Edinburgh mwaka 1744, zilikuwa 13 tu. Kwa miaka mingi baadaye, vitabu vya kanuni viliweka adabu katika sehemu ya pekee mwanzoni, nje ya kanuni zenye namba, kwa lugha ya ushauri. Mabadiliko ya mwaka 2019 yaliondoa sehemu hiyo na kuingiza mwenendo wa mchezaji ndani ya Kanuni 1.2: awe mwaminifu, awajali wengine, autunze uwanja. Kosa kubwa la mwenendo laweza kumtoa mtu mashindanoni, na waandalizi wanaruhusiwa kuandika sheria zao za mwenendo zenye adhabu.

Hapo mtafsiri anapaswa kuchagua. Kiswahili kina « kanuni », « desturi » na « adabu », na kila moja hubeba uzito wake. Kuvunja kanuni kunaleta adhabu. Kuvunja desturi kunaleta mshangao. Kukosa adabu kunaleta aibu, na aibu hiyo huwafikia hata waliokulea. Tukitafsiri Kanuni 1.2 kwa « kanuni » peke yake, tunapoteza aibu. Tukisema « adabu » peke yake, tunaficha kwamba sasa kuna adhabu. Pendekezo letu ni « kanuni ya mwenendo », huku neno « adabu » likibaki kwa yale ambayo hakuna adhabu inayoyafikia: kurudisha nyasi wakati hakuna anayekuona, na kuokota mpira ijapokuwa umelipa dola 37 na nusu kwa shimo hilo.

Wahitimu wetu wengine watafanya kazi ya ukalimani na ya kuongoza wageni, na baadhi ya mazungumzo ya biashara hufanyika kwenye nyasi kabla ya kufika mezani. Mgeni wao akiuliza, « Ni bei gani? », jibu la dola ni rahisi kupata. Mkalimani mzuri atamweleza pia ile étiquette ya pili, kabla mgeni hajasimama mbele ya shimo la kwanza huku watu wakimngoja nyuma.