Uliona Kisu, au Ulidhani Umekiona?

Msomaji, huenda ukaapa kwamba umeona kisu kikizama mwilini, kumbe wapi! Katika Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya 1960, mwanamke anauawa akioga. Tukio hilo halifiki dakika moja, ingawa lilichukua siku saba kupigwa picha. Limeungwa kwa vipande vifupi vifupi: kisu hewani, mdomo wazi, maji, damu miguuni. Majeraha umeyatia wewe mwenyewe akilini.

Siri hii ilijaribiwa Urusi, baada ya mapinduzi ya 1917. Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso mtulivu usiosema lolote, akaiunganisha na bakuli la supu. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisema ana njaa. Alipoiunganisha na jeneza, wakamhurumia kwa majonzi yake. Uso ulikuwa ule ule!

Mhariri wa filamu basi hukushika mkono bila wewe kujua. Mtu akitokea upande wa kulia wa picha, katika inayofuata huingizwa kwa kushoto, la sivyo utadhani amegeuka kurudi alikotoka. Katika Lawrence of Arabia (1962), shujaa anapuliza njiti ya kiberiti inayowaka, na papo hapo tuko jangwani jua likichomoza. Hakuna anayeuliza tumefikaje.

Mkasi huo umo pia katika taarifa ya habari. Leo jioni mkimwona kiongozi akihutubia, kisha umati ukishangilia, waulize watoto: je, wameonekana pamoja katika picha moja?