Mume na Mke Njiani: Siku Nane Kando ya Bahari ya Kati



Mwaka huu tumetimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wetu, ambao sasa ni watu wazima, walichanga fedha wakatuambia: « Baba, Mama, nendeni pahali mkapumzike, ninyi wawili tu. » Tulicheka. Twende wapi? Tangu tulipotoka Bukavu tukahamia Liège, katika nchi ya Ubelgiji, hatukupata kusafiri ila kwa harusi au kwa msiba.

Tena, tuseme kweli, tuliogopa. Mmoja wetu hufanya kazi ya usiku katika ghala la bidhaa. Mwenzake huamka alfajiri kwenda kuwatunza wazee katika nyumba wanamolelewa. Miaka mingi tumekuwa tukipishana mlangoni: huyu avua viatu, yule avaa vyake. Habari za nyumbani tuliandikiana katika kikaratasi juu ya meza: kodi imelipwa, mboga imo chunguni. Hatukugombana, lakini maneno mengine hatukuwa nayo. Basi kila mmoja alijiuliza moyoni mwake: siku nane, sisi wawili tu, tutasema nini?

Shauri lilitoka kwa wale wazee. Katika mwaka 1946 serikali ya Italia na ile ya Ubelgiji zilipatana, na Waitaliani wengi wakaja kuchimba makaa ya mawe katika nchi hii. Wengi hawakurudi kwao. Bibi mmoja katika nyumba ile, mjane wa mchimbaji, alizaliwa pwani ya Liguria, kaskazini ya Italia. Ndiye aliyemfundisha mama wa nyumba yetu maneno machache ya Kiitaliani, na ndiye aliyesema: « Nendeni kwetu. Lakini msiende kwa motokaa. Pandeni treni, kisha tembeeni kwa miguu. »

Kinu cha Genova

Tulilala usiku mmoja Milano, na kesho yake gari la moshi likatushusha Genova. Twaliita gari la moshi kwa mazoea, maana siku hizi laenda kwa umeme wala halina moshi hata kidogo.

Genova ni mji wa bandari, wa kale sana, uliopanda juu ya vilima. Vichochoro vyake ni vyembamba hata mtu akinyosha mikono karibu aguse kuta za pande zote mbili. Katika kanisa kuu la San Lorenzo tuliona kitu cha ajabu: kombora kubwa la mzinga limewekwa pale penye kuta. Tarehe 9 Februari 1941, wakati wa vita, manowari za Waingereza ziliupiga mji huo. Kombora moja likatoboa kanisa, likaanguka ndani, lisipasuke. Watu wa Genova wamelitunza hata leo, ili wasisahau.

Jioni tulikula chakula chenye mchuzi wa kijani uitwao pesto. Tulipouliza unavyotengenezwa, mwenye mgahawa akatuletea kinu! Ni kinu kidogo cha marumaru, na mchi wake ni wa mti. Humo hutwanga majani ya mrihani, kitunguu saumu, mbegu za msonobari, chumvi na jibini, kisha hutia mafuta ya zeituni. Tulitazamana. Mtu aliyezaliwa Kivu afike mpaka Italia aonyeshwe kinu na mchi! Hicho kilikuwa kicheko chetu cha kwanza cha pamoja katika safari ile.

Reli iliyotoboa mlima

Kutoka Genova reli yafuata bahari kwenda mashariki mpaka La Spezia. Ilimalizika mwaka 1874. Milima ya Liguria yashuka moja kwa moja majini, pasipo nafasi ya barabara; kwa hiyo wajenzi walilazimika kutoboa mawe pahali pengi. Gari laingia gizani, latoka, bahari yang'aa mara moja dirishani, kisha giza tena.

Huko ndiko iliko miji mitano midogo iitwayo Cinque Terre: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Kabla ya reli, watu wake walifikiana kwa mashua au kwa vijia vya nyumbu mlimani. Leo treni yatoka mji mmoja kufika wa pili kwa dakika chache tu. Sisi tulipanga chumba Levanto, mji ulio jirani, ambako vyumba havina bei kali.

Na hapo ndipo tulipokosea. Aliye mume kati yetu alikuwa ameandika saa zote za treni katika karatasi: miji yote mitano kwa siku moja, kila mji dakika 50. Mtu wa ghala hawezi kuona mzigo asiuhesabu!

Mzee wa ukuta

Njia ya miguu kutoka Monterosso kwenda Vernazza haitimii kilometa 4, lakini watu huitembea kwa saa mbili hivi, maana ni ngazi za mawe, kupanda na kushuka, kati ya mizabibu, malimau na mizeituni. Mume alitangulia. Mke, ambaye goti lake laumwa kwa kuinua wagonjwa miaka mingi, alifuata nyuma. Baada ya pindo la tatu hatukuonana tena.

Mume alifika Vernazza, akasimama bandarini, akangoja. Treni ya kwanza ikapita, na ya pili. Mwisho hofu ikamshika, akarudi mlimani akitweta. Akamkuta mkewe ameketi kando ya njia, karibu na mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza ukuta ulioanguka. Mzee apanga mawe makubwa, mama amchagulia madogo na kumpa.

« Mama Furaha! Nimekungoja saa nzima! »

« Ulingoja wapi, Baba Furaha? Tangu lini mtu humngoja mwenzake kwa kumkimbia? Miaka yote hii nauona mgongo wako tu: ukitoka, ukilala. »

« Na mimi je? Mimi nakuona katika kikaratasi. »

Tulinyamaza. Maneno hayo hatukuwa tumeyasema bado, wala hatukujua kwamba tunayo. Yule mzee hakufahamu Kiswahili, lakini yafaa kudhani alifahamu mengine yote, maana aliinama, akaokota jiwe, akamtilia mume mkononi.

Tukafanya kazi naye mpaka jua la saa kumi. Kwa maneno machache ya mama na kwa mikono yake, alitueleza. Kuta zile hazina saruji. Jiwe la juu hukalia mawe mawili ya chini, lisilalie moja tu. Nyuma ya ukuta hujazwa vijiwe, ili maji ya mvua yapite kati yake. Ukiuziba kwa saruji bila kuachia maji njia, yatajikusanya nyuma yake na kuusukuma mpaka uanguke. Na ukiona jiwe moja limetoka, ulirudishe upesi, usingoje mvua.

Watu wa pwani ile wamejenga kuta za namna hiyo kwa karne nyingi, wakikata mlima kuwa ngazi za mashamba. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliandika ufundi huo wa kujenga bila saruji katika urithi wa wanadamu, kwa ajili ya Italia na nchi nyingine saba. Lakini vijana wengi walikwisha kushuka kutafuta kazi mijini. Shamba likiachwa ukuta waanguka, na ukuta ukianguka udongo waenda baharini.

Sisi tuliokulia Bukavu twajua mlima unavyoshuka pamoja na mvua. Hata hivyo tulishtuka Vernazza, tulipoonyeshwa picha za tarehe 25 Oktoba 2011. Siku ile mvua kubwa ilinyesha kwa saa chache, na mlima ukamwaga matope na mawe ndani ya Vernazza na Monterosso. Maduka na vyumba vya chini vilijaa matope, na watu kadhaa walikufa. Wenyeji walifukua mji wao kwa majembe, na leo mgeni asiyeambiwa hawezi kujua.

Mji mmoja, siku moja

Usiku ule, Levanto, karatasi ya saa za treni ilichanwa. Toka kesho yake tulikwenda mji mmoja kwa siku moja.

Corniglia upo juu ya mwamba, nao ni mji wa pekee kati ya ile mitano usio na bandari. Kutoka stesheni kuna ngazi zaidi ya 370 za kupanda. Tulizipanda asubuhi nzima. Penye kila pindo tuliketi, tukatazama bahari, tukazungumza: habari za mtoto wetu wa pili, za nyumba ya wazazi tuliyoiacha Kadutu, za mambo madogo yasiyoandikwa katika kikaratasi.

Monterosso tulirudi kula dagaa wao wa chumvi. Desturi ya wavuvi wa huko ni kutoka usiku na taa, kuwavuta samaki kwa mwanga, kama wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu. Manarola tulionja divai tamu iitwayo sciacchetrà, ya zabibu zilizoanikwa kwanza kivulini. Ni ya bei, nasi tuligawana bilauri moja.

Siku ya mwisho tulitembea kutoka Riomaggiore mpaka Manarola kwa njia iliyochongwa katika mwamba juu ya bahari. Jina lake ni Via dell'Amore, yaani Njia ya Mapenzi. Haitimii hata kilometa moja. Mtu mwenye miguu mizuri huimaliza kwa dakika 20. Mwaka 2012 mawe yalianguka na kuwajeruhi watu, ikafungwa. Ikachukua karibu miaka 12 kuitengeneza, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Sasa hulipiwa, na watu huingia kwa zamu. Sisi tuliitembea kwa saa nzima. Wageni wengi walitupita. Tuliwaacha wapite.

Kwa wanaotaka kwenda

Mwenye kutaka safari hiyo aende mwezi wa tano au mwanzo wa mwezi wa kumi. Julai na Agosti jua ni kali, na stesheni zimejaa watu hata hakuna pa kusimama. Avae viatu vya kufunga. Wenye kandambili hukatazwa katika njia za mlima. Anunue karata ya siku moja inayounganisha treni na njia za miguu. Na kabla ya kutoka aulize ni njia gani zilizo wazi, kwa sababu mvua huzifunga mara nyingi.

Lakini wengi wenu hamtakwenda Italia, nasi tusingalikwenda kama si watoto. Hilo si neno. Tangu turudi, mume ameomba zamu ya mchana kwa wiki moja katika kila mwezi. Amekubaliwa, kwa mshahara uliopungua kidogo. Na kila Jumamosi twatembea kando ya mto Meuse mpaka daraja la pili, kisha twarudi. Mwenye goti ndiye atanguliaye, na mwingine afuata mwendo wake.

Kikaratasi kingali juu ya meza. Juma lililopita kiliandikwa hivi: « Mboga imo chunguni. Usile peke yako, nakuja. »