Masomo ya Utungaji Yapatikanayo Bure na Mwanafunzi wa Ushetu

Ushetu, halmashauri iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya Kahama kugawanywa, ni nchi ya tumbaku, pamba na mpunga. Wenyeji wake husema Kisukuma, Kinyamwezi na Kisumbwa nyumbani, na Kiswahili shuleni na sokoni. Kijana wa huko apendaye kujifunza utungaji, akiwa na simu yenye intaneti, aweza leo kusoma masomo ambayo zamani hayakupatikana ila katika vyuo vikuu. Chuo cha MIT cha Marekani kilianza kufungua masomo yake kwa watu wote mwaka 2002, na Open University ya Uingereza ilianzisha OpenLearn mwaka 2006. Katika zote mbili yamo mafunzo ya kutunga hadithi yasiyotozwa ada. (Neno “bure” lisidanganye mtu: kifurushi cha simu hununuliwa kwa fedha, na kwa sababu hiyo yafaa kupendelea maandishi yawezayo kupakuliwa mara moja kuliko picha za video.)

Taabu iliyo kubwa zaidi ni ya lugha. Karibu mafunzo yote ya namna hii yameandikwa kwa Kiingereza, na kanuni zake zatokana na tabia za Kiingereza. Mwanafunzi huambiwa, kwa mfano, apunguze vielezi. Shauri hilo huenda likafaa huko, lakini msimuliaji wa Kiswahili hawezi kuacha viigizi: mtu hutumbukia chubwi, huanguka pu, na kitu huwa cheusi tititi. Akivifuta kwa kutii kanuni ya kigeni, hadithi yake hupoteza sauti yake.

Katika ushairi tofauti ni kubwa zaidi. Masomo ya Kiingereza hufundisha mapigo ya silabi zenye mkazo na zisizo na mkazo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mkazo hauwezi kuwa kipimo cha mshororo. Kipimo ni hesabu ya mizani, aghalabu 16, nane kila kipande, pamoja na vina. Hata m ya “mtu” huhesabiwa mizani. Mambo haya Amri Abedi aliyaeleza mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi, na mwanafunzi atapata faida kubwa kwa kitabu hicho kuliko kwa masomo kumi ya ng'ambo.

Lakini mtu wa Ushetu ana urithi mwingine pia. Kisukuma kina vokali saba, urefu wa vokali hubadili maana, na toni kadhalika. Nyimbo za mashindano ya Bagalu na Bagika, zitungwazo kwa ajili ya ngoma za baada ya mavuno, hazikujengwa juu ya mizani ya pwani. Mtunzi azijuaye, akizilazimisha kuingia katika vipande vya nane nane, ataharibu wimbo na asipate shairi. Juu ya jambo hili hakuna somo la mtandaoni litakalomsaidia. Waalimu wake ni manju wa kijijini kwake.

Kwa mazoezi, msaada ulio bora ni African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini mwaka 2014. Hadithi zake, nyingine kwa Kiswahili, zina leseni ya wazi: msomaji aruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri na kuzigeuza. Kuchukua hadithi fupi ya Kiswahili na kuisimulia upya kwa Kisukuma, kisha kuirudisha, humfundisha mtu mambo mengi juu ya sentensi. Kwa msomaji aliyekwisha kuendelea liko jarida la Swahili Forum, lililoanza Cologne mwaka 1994, ambalo makala yake husomwa bila malipo. Nayo huchambua riwaya na tenzi, ingawa mengi ni ya Kiingereza. Anayetaka kazi yake ipimwe aweza kuipeleka katika Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania.