Tanzania: Mvinyo mwekundu wa Dodoma una sifa, mkulima wake bado anatafuta soko

Huko Dodoma, katikati ya Tanzania, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ulaya, ambako baridi huilaza mizabibu, mavuno ni mara moja tu. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia ndio walioipanda mizabibu hiyo Bihawana katika miaka ya 1950, kwenye nyanda zenye jua kali, mvua haba na mwinuko wa zaidi ya mita 1,000.

Zabibu nyekundu iitwayo Makutupora hutoa mvinyo mzito wa rangi, wenye ukakasi unaobaki ulimini. Kwa sababu hiyo hufaa kunywewa pamoja na nyama choma ya mbuzi au ya ng'ombe, kwani mafuta ya nyama huupunguza ukakasi huo. Kwa samaki haufai sana. Huweza kuacha ladha ya chuma mdomoni.

Lakini wakulima wengi hawauzi mvinyo, huuza zabibu, nazo huharibika siku chache tu baada ya kuvunwa. Matangi ya viwanda yakijaa, mkulima hukubali bei yoyote au huziacha zioze shambani. Ndiyo maana baadhi yao hukamua wenyewe "mchuzi wa zabibu", kama unavyoitwa huko, na kuuhifadhi hadi mnunuzi apatikane. Serikali nayo huutoza ushuru mdogo mvinyo wa zabibu za nchini, ingawa katika hoteli nyingi chupa za Afrika Kusini bado ndizo zinazotangulia mezani.